Achebe, Mtu wa Redio

Ahsante Mwenyekiti. Waliokwisha kunisikia wanajua ninakoelekea, wanivumilie tu.

Nikiuliza darasani Chinua Achebe alikuwa nani, najibiwa: mwandishi wa riwaya. Vema. Na mshahara alilipwa na nani? Kimya. Jamani! Achebe aliajiriwa redioni Lagos mwaka 1954 na hakutoka hadi 1966. Riwaya zake nne za mwanzo zote zilitoka akiwa mtumishi wa redio, ikiwemo hiyo mliyoisoma kwa Kiswahili kama Shujaa Okonkwo. Halafu vitabu vya kiada vinaitaja redio kwa mstari mmoja, tena wa kupita!

Alipangiwa idara ya mazungumzo. Mtu analeta makala, sentensi ndefu za kiofisi. Kijana Achebe anakaa na kalamu kuzigeuza zisemeke. Msikilizaji hana ukurasa wa kurudia. Fanya kazi hiyo miaka, kisha nenda nyumbani ukaandike mkutano wa Umuofia, kijiji cha Shujaa Okonkwo: Ogbuefi Ezeugo anasimama, anatoa mwito mara nne, kila mara kageukia upande mwingine, ngumi hewani, na umati unaitikia "Yaa!" Isomeni kwa sauti mtanielewa. Mwandishi wa mezani tu angetosheka na "aliwasalimu wananchi."

Mwaka 1956 akapelekwa London, chuo cha mafunzo cha BBC. Mkufunzi wake, Gilbert Phelps, naye mwandishi wa riwaya, akausoma muswada wa hiyo Shujaa Okonkwo, akataka kuupeleka kwa wachapishaji. Nani kati yenu angekataa? Achebe akasema bado. Akarudi Nigeria, sehemu ya pili na ya tatu za muswada akazitupa nje, akambakiza Okonkwo, shujaa wa sehemu ya kwanza. Huyo ni mhariri wa redio: anajua muda ukiisha umeisha. Mimi sijajifunza, Mwenyekiti, naona unaniangalia.

Sasa hiki kisa siwezi kukiruka. Nakala ilikuwa moja tu, ya mwandiko wa mkono. Bwana huyu akaitia posta kwenda London, kwa kampuni ya kupiga taipu aliyoona tangazo lake gazetini, na pauni 22 juu. Nakala pekee! Kimya. Anaandika barua, kimya. Mkuu wake wa kazi, Angela Beattie, mwanamke wa Kiingereza, alikuwa na safari ya London, akamwomba apite pale. Mama akaingia ofisini akawaka moto: muswada umetupwa kwenye kona, hakuna aliyeugusa! Ndipo ukapigwa taipu haraka haraka. Wachapishaji Heinemann wakautoa 1958, nakala 2,000. Si profesa aliyeuokoa, wala si chama cha waandishi. Ni bosi wa redio aliyejua kugombeza.

Najua kuna mtu hapo nyuma anasema: Mzee, huyo kaandika Kiingereza, sisi inatuhusu nini? Inatuhusu sana. Mwanzoni mwa miaka ya sitini alisafiri Afrika Mashariki, akasikia redio zikitangaza kwa Kiswahili, na Tanganyika akakutana na Shaaban Robert. Shaaban akamlalamikia jinsi anavyotaabika kupata wachapishaji. Shaaban Robert, jamani! Akampa diwani zake mbili. Achebe aliandika kwamba anazithamini, ila hawezi kuzisoma mpaka ajifunze Kiswahili. Waandishi wawili wakubwa chumba kimoja, na kazi ya mwenyeji haisomeki kwa mgeni. Mnaouliza kwa nini alishika Kiingereza, niambieni kwanza nani alikuwa tayari kumtafsiri Shaaban.

Muda, muda. Haya: 1961 akawa mkurugenzi wa matangazo ya nje, Sauti ya Nigeria. Januari 1966 ikatoka riwaya yake inayoishia na mapinduzi ya kijeshi, na mapinduzi yenyewe yakatokea mwezi huohuo. Kuna wanajeshi waliodhani alijua njama. Yakaja mapinduzi ya pili mwezi Julai, wakaanza kumtafuta, akakimbia Lagos. Redio ikaishia hapo. Vita vya Biafra, mashariki mwa Nigeria, ni mhadhara mwingine. Ajali ya gari ya 1990 iliyomweka kwenye kiti cha magurudumu mnaijua. Alifariki Marekani, Machi 2013.

Kuhusu Achebe kukataa nishani ya serikali ya Nigeria, 2004 na tena 2011, nilikuwa na kurasa tatu hapa. Niulizeni kwenye maswali. Yule dada mwenye kilemba alinyoosha mkono zamani.