Msukule, Kijiko na Kikombe cha Chai

FADHILI: Karibuni tena wasikilizaji. Leo dada Zuhura kaniwekea sharti kabla hatujawasha vipaza sauti. Hataki nimtaje staringi wangu hata mmoja mpaka nimweleze kwa nini sitazami filamu za kutisha.

ZUHURA: Na unijibu kweli, kaka Fadhili. Ikitajwa ya kutisha tu, tayari umeshahamia za Kihindi.

FADHILI: Jibu ninalo. Mimi kutazama picha nimejifunzia kibanda umiza. Benchi la mbao, joto, tumebanana, luninga moja mbele na sauti ya Lufufu inatutafsiria. Pale kila mtoto alijua: staringi hafi. Apigwe, atupwe mtoni, ataamka tu. Ukitoka hapo unatembea kifua mbele mpaka kwenu. Sasa hizi zako zinakunyang'anya ile ahadi. Mtu uliyempenda anakufa dakika ya kumi, halafu wewe unarudi nyumbani ambako choo kiko nje, nyuma ya mwembe.

ZUHURA: Mwembe umeingiaje?

FADHILI: Nilikuwa na miaka tisa. Siku hiyo waliweka mkanda wa Kinijeria, wa mizimu na waganga. Usiku nikabanwa. Nikasimama mlangoni na tochi, betri zimechoka, mwanga wenyewe wa njano haufiki hata katikati ya ua. Kule juu majani yanatikisika, kitu kinaguguna, kinanyamaza, kinaguguna tena. Walikuwa popo wanakula maembe, nilijua ni popo, dada. Lakini nilirudi kulala nimejibana mpaka adhana ya alfajiri.

ZUHURA: Pole sana. Ila sikiliza ulichokisema. Hukuona kitu pale, ulisikia. Ndiyo maana mimi nasema filamu ya kutisha huingilia sikioni. Chukua Psycho ya mwaka 1960. Mwongozaji wake, Hitchcock, alitaka lile tukio la mwanamke kuuawa bafuni liende bila muziki kabisa. Bernard Herrmann akaandika muziki wake hivyo hivyo, fidla zinapiga yowe, na Hitchcock aliposikia akakubali. Leo hata ambaye hajaiona filamu yenyewe anazijua zile fidla.

FADHILI: Na ile ya papa?

ZUHURA: Jaws, 1975. Papa wa mashine waliyemtengeneza alikuwa akiharibika kila mara kwenye maji ya bahari, ikabidi mwongozaji Spielberg amfiche sehemu kubwa ya filamu. Kilichobaki ni noti mbili za muziki wa John Williams na maji matupu. Maji matupu, kaka! Na watu waliogopa kuogelea.

FADHILI: Basi na zile za maiti wanaotembea mitaani, wananuka, wanang'ata watu?

ZUHURA: Hizo hazinishiki. Naziangalia huku nachambua mchele. Nadhani kila mtu anaogopa kile alichokulia nacho. Kwetu hatukutishwa na maiti anayeng'ata. Tulitishwa na msukule. Mtu amezikwa, mmelia, mmemaliza arobaini, kumbe wanasema yuko shambani kwa mtu analima usiku, hasemi, hajui jina lake. Hilo ndilo linalonikosesha usingizi, kwamba mtu yupo na hayupo. Kwa hiyo Bongo Muvi ilipoanza, mimi nilikimbilia filamu za mwongozaji Mussa Banzi, kama Nsyuka na Shumileta. Picha zilikuwa na giza, sauti zinakwaruza, lakini hofu ilikuwa ya kwetu.

FADHILI: Shumileta kwetu ilipigwa marufuku. Mama alisema jini hakaribishwi sebuleni. Sisi jioni tulikuwa na za Kihindi, mama akilia na sisi tunalia, tukimaliza tunakula. Bado naamini hakuna raha kama kulia pamoja na watu wa nyumbani kwako.

ZUHURA: Hilo silipingi, na mimi nililia hivyo hivyo. Lakini nikwambie filamu moja ya Marekani ambayo nikiitazama naona ni ya msukule. Get Out, ya Jordan Peele, 2017. Wasikilizaji, kama hamjaiona, rukeni dakika mbili mbele. Kijana mweusi anapelekwa kwa wazazi wa mchumba wake, wazungu wenye tabasamu. Usiku mama mkwe anamkalisha chini wazungumze. Ana kikombe cha chai mkononi, na kijiko. Anakizungusha kijiko polepole, kinakwaruza ukingo wa kikombe. Basi. Yule kijana hawezi kuinua hata kidole, machozi yanamtoka macho wazi, anazama ndani ya nafsi yake mwenyewe. Baadaye unajua hiyo familia inawatumia watu weusi miili yao, na wenyewe wanabaki wamefungiwa ndani wanatazama.

FADHILI: Huyo ni msukule kabisa.

ZUHURA: Kabisa! Na anayeigiza, Daniel Kaluuya, kazaliwa London, wazazi wake Waganda. Filamu ilitengenezwa kwa dola milioni 4.5, ikaingiza zaidi ya milioni 250, na mwaka 2018 Peele akachukua Oscar ya uandishi. Lakini sijafika kwenye lililonishika mimi. Mwanzoni, miti inapita dirishani mwa gari, sauti zinanong'ona na kuimba. Nikasema ngoja. Nikarudisha nyuma. Ni Kiswahili.

FADHILI: Kiswahili?

ZUHURA: Kiswahili, kaka. Wimbo unaitwa Sikiliza Kwa Wahenga, umetungwa na Michael Abels. Sisi tungesema "wasikilize wahenga", lakini sauti hizo ni za wahenga wenyewe, na zinamwambia ndugu yao akimbie ajiokoe. Zinamwambia kabla hajafika, kabla ya kijiko, kabla ya yote! Yeye hasikii. Ukumbi mzima kule Marekani haukuelewa neno. Wewe wa Temeke umeelewa dakika za mwanzo kabisa, halafu umekaa zaidi ya saa nzima unamwangalia anacheka na watu hao, huna la kufanya. Niliogopa kuliko filamu yoyote niliyowahi kuona, na hakuna aliyekuwa amekufa bado.

FADHILI: Nimesisimka mwili. Hebu niambie, anatoka?

ZUHURA: Sikwambii.

FADHILI: Dada, mimi ni mtu wa staringi hafi. Nikijua anatoka, nitatazama.

ZUHURA: Utatazama bila kujua. Njoo kwangu Jumamosi.

FADHILI: Mchana.

ZUHURA: Saa nane mchana, mlango wazi, watoto wanacheza nje. Ukitaka tupunguze na sauti.

FADHILI: Sauti iache. Kama wanamwita ndugu kwa Kiswahili, nataka niwasikie.