Mguu Umepumzika, Akili Iende Makadara

Haya, karibuni tena. Leo sina koni wala mpira. Nina mkeka tu, hapa Kibokoni, Mombasa, na mguu wangu uko juu ya mto.

Ukitegua kifundo au ukikatika kano ya goti, usingoje plasta itolewe ndipo uanze kazi: anza mazoezi ya kichwani. Ukijiona kichwani ukikimbia, ubongo huamsha sehemu nyingi zilezile zinazopanga mbio. Mwaka 1992 watafiti Yue na Cole waliwapima watu wazima nguvu za kidole cha mwisho cha mkono: waliokifanyisha mazoezi wiki 4 waliongeza asilimia 30, na waliofikiria tu, 22. Naye Laura Wilkinson, mpiga mbizi wa Marekani, alivunjika mguu mwaka 2000. Alifanya mazoezi ya kichwani, na mwaka huohuo akachukua dhahabu ya jukwaa la mita 10 kule Sydney.

Kwanza, vaa. Ndiyo, jezi kabisa, na njumu kwenye mguu mzima. Ile ya mguu mbovu ishike mkononi, inuse hata. Jirani akicheka, mwache.

Sasa funga macho, vuta pumzi polepole mara tano. Ingia uwanja wetu wa Makadara, saa kumi na moja jioni. Usijitazame kama uko kwenye televisheni. Tazama kwa macho yako mwenyewe: vumbi, mpira unakujia, kocha anapayuka upande wa kulia.

Kimbia. Hapa ndipo wengi huharibu, wanaiharakisha picha ya kichwani. Krosi ya sekunde 4 uwanjani iwe sekunde 4 kichwani; washa saa ya simu ujipime. Sikia paja linavyokaza, unyayo unavyokanyaga, uzito unavyohamia mguu ulioumia.

Je, ukijiona unaanguka tena? Mimi wiki ya kwanza nilianguka kila nikikata kona. Usikate tamaa ukafungua macho. Rudi nyuma, na hapa tu ndipo una ruhusa ya kwenda polepole: tembea, pita pale ulipoangukia, rudia mpaka upite ukikimbia.

Dakika 10 zatosha. Na uende sambamba na tiba yako: kama mtu wa fiziotherapia amekufikisha kusimama kwa mguu mmoja, fikiria hilo kwanza, fainali baadaye. Mazoezi yake usiyaache hata siku moja.

Haya, mimi nishashika njumu. Washa saa yako.