Julai ya Tuliobaki

Assalaam alaykum, ndugu zangu wa Unguja na Pemba. Wazee wangu mnaotazama kupitia simu za watoto na wajukuu zenu, shikamooni. Nazungumza nanyi kutoka mashariki ya London, katika mwezi wa Julai, na leo sina habari za kazi wala za vibali vya ukaazi. Nataka tuzungumze juu ya furaha ndogo ndogo za kila siku ambazo mtu anaweza kuzipata huku katika mwezi huu wa kiangazi cha Ulaya, khasa yule ambaye mwaka huu hakujaaliwa kurudi nyumbani.

Julai kwa Wazanzibari wa huku ni mwezi wa safari. Skuli za Uingereza hufungwa mwishoni mwa mwezi huu, na wazazi wengi hawana wakati mwingine mrefu wa kuwapeleka watoto kwa bibi zao, kwa hivyo bei ya ndege hupanda wakati ule ule ambao familia yenye watoto wanne ingeomba ishuke. Aliyeweza kununua tiketi hufunga mabegi, na baada ya siku mbili tunamwona kwenye simu zetu akiwa Forodhani na glasi ya maji ya miwa mkononi. Tuliobaki tunafurahi kwa ajili yake, na moyo unatuuma pia, na sioni haja ya kuficha hilo. Lakini sikubaliani na wale wanaosema kwamba mtu aliyebaki London hana la kufanya na Julai ila kuisubiri ipite. Mwezi huu una neema zake, nyingi hazina bei, na mtu akizikosa hatazipata tena mpaka mwaka mwengine.

Kubwa kuliko zote ni mwanga. Nyinyi mnaoishi kiasi cha digrii 5 hadi 6 kusini ya Ikweta mna jua lisilobadili tabia yake sana: iwe Julai au Disemba, linakuchwa kati ya saa kumi na mbili na saa moja, na baina ya alasiri na magharibi mnapata kiasi cha saa mbili na nusu. London iko zaidi ya digrii 51 kaskazini. Katikati ya Disemba jua la huku huzama kabla ya saa kumi jioni, na mtu anayefanya kazi ndani anaweza kutoka nyumbani gizani na kurudi gizani kwa wiki nzima. Mwanzoni mwa Julai, jua hilo hilo huchelewa mpaka saa tatu na dakika ishirini hivi, saa ambayo Wete watu wameshakula na wengine wameshalala. Hata baada ya hapo giza kamili haliingii, kwa sababu tangu mwishoni mwa Mei hadi baada ya katikati ya Julai jua haliteremki chini ya upeo kiasi cha kutosha kuumaliza weupe wa mbingu, na ndiyo maana suala la wakati wa isha limewashughulisha maulamaa wa nchi hizi na misikiti ikawa na ratiba tofauti. Alasiri yetu huingia karibu na saa kumi na moja na nusu. Kati yake na magharibi kuna takriban saa nne, na mimi nazihesabu saa hizo kuwa ndizo mali yangu ya Julai. Mtu anayetoka kazini saa kumi na moja anapewa mchana mwengine juu ya mchana aliokwisha kuutumia.

Saa za Uingereza husogezwa mbele mwezi wa Machi, basi tofauti yetu na Zanzibar, ambayo wakati wa baridi ni saa tatu, wakati huu hubaki saa mbili tu. Saa moja inaweza kuonekana si kitu kwa asiyeihitaji. Kwangu mimi, ndiyo inayoniwezesha kumpata mama akiwa macho na mwenye nafasi. Nikimaliza kuswali alasiri huku, yeye amekwisha kuswali isha kule, na katika msimu huu wa karafuu ambao kwa kawaida huanza Julai, huo ndio wakati wanaokaa pamoja kuchambua. Mnaijua kazi hiyo: mchana karafuu zimechumwa pamoja na vikonyo vyake, na usiku kinamama na watoto hukaa kuzitenga, karafuu upande huu na makonyo upande ule, ili asubuhi zianikwe kwenye majamvi. Makonyo nayo hayatupwi, yana mnunuzi wake na mafuta yake yanakamuliwa pale Wawi. Mama huiegemeza simu kwenye bakuli, halafu anaendelea na kazi yake, na mimi nabaki nasikiliza. Wanazungumza habari za bei ya samaki, za harusi iliyoahirishwa, za upepo wa kusi uliowazuia watu kutoka baharini, za mchumaji aliyetelekeza ngazi juu ya mkarafuu wa watu. Mara nyingi hakuna anayeniuliza kitu kwa muda mrefu, na hiyo ndiyo sehemu ninayoipenda zaidi, kwa sababu mtu haulizwi habari akiwa amekaa ndani ya kikao chenyewe. Kisha mama hukumbuka na kusema, "Huko jua bado?" Nageuza kamera, namwonyesha ukuta wa jirani ukiwa bado unang'ara, na kila siku anastaajabu upya na kuwaita wenzake waje waone.

Baada ya simu mimi hutoka. Ninaishi karibu na uwanda mkubwa unaoitwa Wanstead Flats, ambao ni sehemu ya msitu wa Epping, na ardhi hii imebaki wazi kwa watu wote kwa sababu ililindwa kwa sheria ya bunge ya mwaka 1878, wakati wenye mali walipokuwa wakizungushia uzio sehemu za msitu huo. Nalitaja hilo kwa makusudi. Raha ya maskini wa mji mkubwa mara nyingi imesimama juu ya jambo ambalo watu fulani waliligombania zamani, na yeyote anayeniambia kwamba matembezi ya jioni ni kitu kidogo nitamwomba afikirie mji usio na pahala pa kutembea bure. Katika majani marefu ya uwanda huo huzaliana ndege mdogo wa rangi ya mchanga, ambaye huimba huku akipanda juu angani wima, bila ya kutua popote, mpaka macho yanampoteza na sauti inabaki. Sehemu wanayotaga huzungushiwa uzio wakati wa msimu wao ili mbwa wasiwasumbue. Mimi husimama nje ya uzio huo na kusikiliza kwa muda ninaoutaka, na hakuna anayenidai chochote.

Njia yangu ya kurudi inapita kwenye mashamba ya mjini, na hapa lazima nieleze, kwa sababu wengi mnadhani London haina jembe. Uingereza ina utaratibu wa zamani, uliotiwa nguvu na sheria ya mwaka 1908, ambao halmashauri hukodisha vipande vya ardhi kwa wakaazi wanaotaka kulima chakula chao kwa ada ndogo. Kipande kamili huwa na kiasi cha mita za mraba 250, ingawa siku hizi wengi hupewa nusu yake, na wanaosubiri ni wengi. Jirani yangu, bibi mmoja kutoka Sylhet, Bangladesh, ana kipande chake, na humo Julai inapofika kuna mchicha, wa kijani na mwekundu, kuna maboga ya kutambaa, na kuna pilipili kwenye kibanda cha plastiki. Hatuna lugha ya pamoja ya kutosha, yeye Kiingereza chake ni kidogo na mimi Kibengali sina kabisa, lakini mtu wa Pemba na mtu wa Sylhet hawahitaji tafsiri mbele ya fungu la mchicha uliochumwa sasa hivi. Ananipa mwingi kuliko ninavyoomba. Naupika kwa tui la kopo, ambalo halifikii la nazi iliyokunwa kwenye mbuzi, lakini kwa mchicha mchanga wa siku hiyo hiyo linatosha. Na kwa kuwa sisi tumelelewa kutorudisha bakuli la jirani likiwa tupu, lake hurudi na vipande vya mkate wa kumimina, na sasa wajukuu zake wanakuja wenyewe kuuliza kama upo. Kama kuna mtu anataka kujua urafiki wa nchi za watu unaanzia wapi, mimi kwa niliyoyaona nitamwambia ajaribu kuanzia jikoni.

Kazi yangu, kwa wasioijua, ni kuwahudumia wazee majumbani mwao. Julai kwao ina sura mbili. Nyumba za Uingereza nyingi zilijengwa kuhifadhi joto, na joto linapozidi huwa hatari kwa mtu mzima mwenye moyo dhaifu. Tarehe 19 Julai 2022 nchi hii ilipima nyuzi 40.3 kule Coningsby, jambo ambalo halikuwa limewahi kutokea tangu vipimo vianze. Siku za namna hiyo najifaidisha na malezi yangu: nafunga mapazia upande wa jua tangu asubuhi, nafungua madirisha jioni upepo unapobadilika, na nawahimiza wanywe maji kabla hawajasikia kiu. Siku za kawaida, ambazo ndizo nyingi, mimi huwatoa nje. Kuna mama mmoja wa Kiingereza ambaye mimi humwekea kiti mlangoni mwa bustani yake baada ya chai, na yeye hunionyesha ndege weusi wenye mbawa ndefu, jamaa wanaofanana na mbayuwayu, ambao huja mwezi wa Mei, hutaga chini ya mapaa ya nyumba na huanza kuondoka mwishoni mwa Julai kwenda Afrika, kusini ya Sahara. Anapenda kunikumbusha kwamba wanaelekea upande wa kwetu. Huwatazama kwa makini ya mtu anayeaga, na mimi nimejifunza kutazama pamoja naye badala ya kukimbilia kuosha vikombe. Vikombe vitaoshwa tu.

Bahari nayo ipo, maana Mzanzibari hawezi kumaliza mwezi bila ya kuona maji ya chumvi. Kutoka Barking, huku huku mashariki ya London, treni inafika Southend, mji wa pwani, kwa chini ya saa moja. Sitawadanganya: maji yake yana rangi ya chai ya maziwa, na anayetafuta mchanga mweupe wa Nungwi asiende. Lakini maji yale yanapwa na kujaa kwa namna ambayo mtu wa visiwani anaielewa mara moja. Gati la Southend lina urefu unaozidi kilomita 2, na lilijengwa refu hivyo kwa sababu maji yakipwa huondoka mbali sana na kuacha tope tupu, na meli zisingeweza kukaribia ufukweni. Mimi huangalia mwezi kabla ya kuchagua siku. Bamvua, yaani maji kujaa sana na kupwa sana, huja mwezi unapoandama na unapopevuka, wakati mwezi na jua vinapoyavuta maji kwa pamoja, na kwa kuwa mwezi ni mmoja duniani kote, bamvua yetu ya Southend na bamvua yenu huangukia karibu siku zile zile. Kinamama wa Makunduchi wanaposhuka pwani kutafuta pweza na kombe, na huku nako watoto wetu wamekunja suruali, wanatembea topeni mpaka mama zao wanaanza kuita. Hata kombe wapo: kijiji cha jirani, Leigh-on-Sea, kimejulikana kwa kombe wadogo kwa vizazi na vizazi, na huwauza wamechemshwa, unawatia siki na pilipili manga na kula umesimama.

Safari hiyo tunaifanya kwa kuchangiana. Huyu anapika pilau, huyu katlesi, mwengine sambusa na bajia, na anayetoka zamu ya usiku haambiwi alete kitu isipokuwa nafsi yake. Tunatandika mikeka juu ya majani ya pale juu ya ufukwe, wanaume huswali zamu kwa zamu huku wengine wakiangalia watoto, na kwa sababu jua halina haraka, hakuna anayeharakisha kuondoka. Humo mnapatikana mambo ambayo simu haiwezi kuyatoa: msichana aliyezaliwa huku anamsikia bibi wa Chake Chake akisimulia, na anacheka pahala panapochekesha.

Nina ombi kwenu mlioko nyumbani. Kila Julai nakutana na kijana aliyefika karibuni, aliyekodi chumba pahala asipomjua mtu, ambaye anawaambia wazazi wake kila siku kwamba yuko salama na hali tangu Ijumaa hajazungumza na mtu kwa lugha yake. Kama una mtoto, mpwa au binti wa jirani aliye London peke yake, usingoje aseme. Mwambie aniandikie kwenye ukurasa huu. Safari ijayo ya Southend itakuwa Jumamosi ya bamvua, tunakutana kituo cha Barking saa tatu asubuhi, asibebe chakula, na kama nauli imempiga chenga aseme tu, tumeshatenga fungu kwa ajili hiyo.