Cherehani ina msimu wake, kamera ina wake

Haya, mnaniskia huko nyuma? Sawa. Maiki ikikataa nitapaza sauti tu, nyumbani naongea nikishindana na cherehani.

Kuna dada ameniuliza pale kwa chai, ati mimi na kazi ya uhasibu napata wapi muda wa kushona kwilti, hizi blanketi za vipande vya vitambaa, na bado nizunguke na kamera. Nikamwambia ngoja tuingie ndani. Dada, jibu ni kwamba sipati. Hakuna mtu anapata. Watu wenye hobi mbili wengi wanafanya kama mzee mwenye wake wawili, Jumamosi huku, Jumapili kule, na wote wawili wamenuna. Mnacheka lakini nawaona, kuna mtu hapa mstari wa mbele ana kwilti kwa mfuko wa plastiki chini ya kitanda tangu kabla ya korona.

Mimi nasema hivi, usigawe wiki, gawa mwaka. Nilisema hapa hapa mwaka jana, nimesema kanisani, nimesema ndani ya matatu hadi konda akaniambia mzee shuka. Na nitaendelea kusema mpaka mniskie.

Kwa nini wiki haifai? Kwa sababu meza yangu ya kushonea ndio meza ya kula. Kutoa cherehani, kupasha pasi, kutandaza vitambaa, kukumbuka uliachia wapi, hio ni saa nzima hujashona hata inchi moja. Halafu saa ya kukusanya kila kitu kwa sababu ugali umeiva. Kamera nayo ni vile vile, uamke saa kumi na moja, betri umesahau kuchaji, unafika mahali jua limeshapanda na kila uso una kivuli kama mtu amevaa kofia. Ukizigawa kwa wiki unalipa hio ada ya kuanza mara mbili kila wikendi. Mimi ni mhasibu, hesabu kama hio inaniuma tumbo.

Wacha niwape hadithi ya kwilti ya mama. Wengine mmeiskia, vumilieni, hawa wageni hawajaiskia.

Mama yangu alikuwa anafikisha miaka 70, Desemba. Nikasema nitamshonea kwilti ya leso zake za zamani, yaani kanga, pamoja na mashati ya marehemu baba. Vipande 120, kila kimoja inchi sita na nusu kila upande ili kikishashonwa kibaki sita, kwa sababu mshono unakula robo inchi huku na robo inchi kule. Kumi kwa upana, kumi na mbili kwa urefu, unapata futi tano kwa sita, blanketi ya mtu mzima anayekaa kwa kiti akiskiza redio. Nilikata vyote Agosti. Sasa leso mnazijua, ina pindo, ina mji pale katikati, na ina jina lake, yale maneno ya chini. Nilitaka maneno yabaki, maana mama yangu ni mwalimu mstaafu, leso kwake kwanza inasomwa ndio inavaliwa. Kulikuwa na ya WEMA HAUOZI, kulikuwa na ile ya MAMA NIPE RADHI KUISHI NA WATU KAZI, nyingine zimefifia huwezi hata kusoma. Nikakata kwa uangalifu, lakini kipande ni cha inchi sita na nusu, sentensi haiingii, kwa hivyo kimoja kikabaki na MAMA peke yake na nusu ya N, nikaona hio N itaingia kwa mshono, haina shida.

Nikapanga vyote 120 kwa sakafu ya sitting room. Siku mbili nzima! Mashati ya bluu yanashuka hivi, leso nyekundu zinapita katikati, maneno yote yamerudiana vizuri yanasomeka. Ilikuwa kitu safi.

Halafu jakaranda zikachanua.

Nyinyi wa Nairobi mnajua Oktoba, barabara zote kule juu zinageuka zambarau, na mtu wa kamera anakuwa kama mlevi. Nikajiambia mimi ni mtu wa mpango, Jumamosi kamera, Jumapili kwilti, mizani. Lakini sakafu ni ya watu wote, watoto wanataka kupita, kwa hivyo kila Jumapili jioni nakusanya vipande, na Jumapili ifuatayo natandaza tena. Ya kwanza sawa. Ya pili nikaanza kukuna kichwa. Ya tatu nimepiga magoti pale nashika kipande namuuliza mtoto, hii ilikuwa wapi? Mtoto ananiambia baba, mimi nilikuwa nakuangalia wewe.

Sasa ona ujinga wangu. Hizo wiki tatu nilikuwa nimepiga picha zaidi ya 400. Maua juu ya mti, maua chini ya mti, maua juu ya gari la mtu, mzee wa viatu na maua. Picha ya sakafu yangu? Hakuna hata moja. Mtu ametembea na kamera shingoni na simu mfukoni na hajapiga picha ya kitu pekee kilichohitaji kupigwa picha.

Nikashona kwa kukumbuka kumbuka, usiku, mvua imeanza, stima inaenda inarudi. Nikamaliza wiki ya mwisho. Siku ya sherehe mama anaifungua mbele ya watu, ndugu yangu mdogo, yule wa maneno mengi, anainama anasoma kwa sauti, "MAMA HAUOZI."

Kwilti ya miaka 70! Kuna shangazi alitoka nje kabisa. Mimi nikasema nitaifumua kesho. Mama akavaa miwani, akaiangalia, akasema, "Kwanza Kiswahili chenyewe ni kibovu, ingekuwa mama haozi." Halafu akaikunja akaiweka mapajani. "Lakini usiguse." Mpaka leo nikiiona ikihitaji kushonwa pindo ananiangalia kwanza mikono kama nimebeba mkasi.

Basi hapo ndio nilijifunza mambo mawili. La kwanza, sakafu inapigwa picha. Panda kwa kiti, piga, kila unapopanga. Na ukishaipiga igeuze iwe nyeusi na nyeupe kwa simu, utaona kitu macho yako hayakuambii, kwamba ile nyekundu na ile bluu ulidhani zinapingana kumbe zote zina giza sawasawa, halafu kwilti yako yote itaonekana uji. Rangi inadanganya, giza na mwanga hazidanganyi. Kwa hivyo wale wanaosema hobi hizi mbili hazina undugu, hapo ndipo zinapokutana, sio kwa ratiba ya wikendi.

La pili ndio hili la mwaka. Naskia mtu anasema, sasa si ufuate tu kalenda za wenyewe, ziko tele mtandaoni. Kalenda ya nani? Ya mtu wa Marekani anakwambia shona winta, piga picha summer. London mwezi wa Juni jua linatua saa tatu usiku na kitu, mtu anatoka kazini, anakunywa chai, anaenda kupiga picha. Hapa tuko karibu na ikweta, jua linachomoza saa kumi na mbili na nusu hivi, linazama saa kumi na mbili na nusu hivi, mwaka mzima tofauti haifiki hata saa moja, na linapanda haraka kama deni. Ule mwanga mzuri wa asubuhi unakuwa nao kidogo tu. Kinachobadilika kwetu sio urefu wa siku, ni mawingu. Kwa hivyo kalenda ya Nairobi ni ya mawingu na mvua.

Januari na Februari anga imeoshwa, ni kamera. Kuna asubuhi ukiwa mahali pa juu unaona Mlima Kenya kabisa kutoka hapa mjini, halafu saa mbili unusu umeenda. Nairobi National Park iko hapo, kilomita za mraba 117, twiga na nyuma yake maghorofa. Na Januari ni karo, hela ya vitambaa hauna, kwa hivyo hata mfuko unakubaliana na mimi.

Machi mpaka Mei mvua ndefu, kamera ndani, tena ndani ya kontena ya plastiki inayofunga vizuri na vile vipakiti vya kunyonya unyevu, kwa sababu lenzi inaota fangasi, mimi imeniotea, unaona kitu kama utando wa buibui ndani ya kioo na fundi anakuambia bei unakaa chini. Hapo shona. Cherehani yangu ni ya mguu, stima ikienda naendelea. Naona bwana mmoja anatikisa kichwa, ndio, najua, mvua ikikatika Kenyatta Avenue lami inang'aa, taa za magari ndani ya maji, picha tamu. Nenda! Lakini nenda kama mgeni, saa moja, rudi. Sijasema hobi ya pili ife. Nimesema kila msimu una mwenye nyumba na una mgeni, na mgeni hapewi chumba cha mwenye nyumba. Mgeni wangu wakati wa kamera ni kopo dogo la vipande vya kushona kwa mkono, liko kwa mkoba, jam ya Thika Road nashona.

Juni mimi sigusi chochote. Tarehe 30 ni mwisho wa riteni za kodi na wateja wangu wote wanakumbuka tarehe 28. Kila mtu ana Juni yake, wewe mwalimu utakuwa na mitihani, wewe mama mboga utakuwa na Desemba. Iandike kwa kalenda kabla ya hizo zingine, usijidanganye.

Julai na Agosti, baridi, wingu limekaa juu ya mji kama kifuniko cha sufuria, hizo ndio kwilti kubwa, kazi nzito, tabaka zote tatu, ya juu, pamba ya katikati na ya nyuma, unazishika pamoja na zinakupasha joto ukizishona. Na hilo wingu lina faida nyingine kwa wapiga picha... nitarudi hapo.

Kuna mtu ataniambia, wewe mzee wa Kiafrika, kwilti si mambo ya wazungu? Hili swali linanichosha. Nenda Gee's Bend, Alabama, akina mama weusi, wajukuu wa watumwa, walishona kwa nguo za shamba zilizochakaa, suruali magoti yameisha, na mwaka wa 2002 kazi zao zikatundikwa ndani ya jumba la makumbusho la Whitney, New York. Na wapenzi wa kamera mskie hapa: mwaka wa 1937 mpiga picha wa serikali ya Marekani, Arthur Rothstein, alifika hapo hapo Gee's Bend, akapiga nyumba za magogo kuta zimebandikwa magazeti, na akapiga mama mshonaji na wasichana wawili pamoja na kwilti yao. Miaka 65 kabla ya Whitney! Kama angeangalia nyuso tu akaacha kitambaa tungekuwa tumepoteza kitu. Na mkitaka karibu zaidi, Wasidi wa Karnataka, India, watu wenye asili ya huku kwetu Afrika, wanawake wao wanashona kitu kinaitwa kawandi kwa nguo kuukuu, wanaanza pembeni wakizunguka mpaka katikati. Katikati! Jaribuni siku moja muone vile inachanganya akili.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Haya, haraka. Septemba na Oktoba kamera, jakaranda, nimeshawaambia. Novemba mvua fupi, hapo ni kumaliza tu, mkanda wa pembeni, kufuta picha mbaya, na usianze kitu kipya Novemba hata malaika akikutokea. Desemba zawadi.

Pesa nilikuwa niongee, sina muda, shikeni moja tu, usinunue lenzi na vitambaa robo moja ya mwaka. Ukishuka Biashara Street, kule kwa maduka ya vitambaa, na hela ya lenzi mfukoni, hio hela si yako tena.

Na ile ya wingu la Julai, kwa kifupi, ndio mwanga wa kupigia kwilti picha rangi zikae kama zilivyo, itundike nje ukutani, simama katikati sawasawa isipinde. Ukitaka mishono yenyewe ionekane imefura, hapo ingiza ndani, mwanga wa dirisha utoke upande mmoja. Mengine tutaongea nje.

Mama amenikopesha kwilti mpaka saa kumi na moja, iko pale kwa meza ya dirisha. Mstari wa nne kutoka juu, mtaiona. Lakini waliokula mandazi, bomba la maji liko nje mkono wa kulia, na sabuni iko.