Gesi ni makonyo ya mafuta

Assalaam aleikum. Wazee wangu, mama zangu, vijana wa skuli mliojaa hapo nyuma, ahsanteni kwa kuja Chake na jua lote hili. Walionisikia Wete na walionisikia Unguja wanajua ntaanzia wapi, ntaanzia kwenye makonyo, vile vijiti vya karafuu, na ntaendelea kuanzia hapo mpaka siku bei ya kuchoma gesi ya visima vya mafuta itakapoandikwa.

Sisi tuliolelewa Mtambile, msimu wa karafuu usiku tulikaa na bibi tunachambua, karafuu huku makonyo kule, mikono inanuka mpaka wali hauliki. Siku moja mbu wamezidi, binamu yangu akachota makonyo gao zima akatia motoni tufukize. Bibi akainuka, na bibi yangu haikuwa kawaida yake kuinuka kwa sababu ya mtoto, akamshika mkono akamwambia, "Unanichomea pesa yangu?" Maana yale yakishakauka yanakwenda Wawi kiwandani yanakamuliwa mafuta, na yeye analipwa. Sasa hapa nifahamuni vizuri. Bibi hakufundishwa mazingira na mtu. Aliyathamini makonyo kwa sababu Wawi ipo na njia ya kufika Wawi ipo, basi.

Kisima cha mafuta ndio vile vile. Mafuta mara nyingi yanapanda na gesi yake. Mafuta yanapakiwa melini yanauzwa, lakini gesi inataka bomba, inataka mashine za kuisafisha au za kuirudisha chini mwambani, na zote hizo pesa, sasa kampuni inaona rahisi kusimamisha mnara na kuiwasha moto usiku na mchana. Benki ya Dunia inaipima kwa satelaiti, mwaka 2023 peke yake dunia ilichoma kiasi cha mita za ujazo bilioni 148.

Kila nikifika hapa kuna bwana anasimama ananiambia, sheria ya mafuta na gesi Zanzibar tunayo tokea 2016. Ndio tunayo, na mkataba wa kitalu cha Pemba-Zanzibar, eneo la kutafutia mafuta, na kampuni ya RAK Gas ulitiwa saini 2018, hayo nayajua. Lakini Nigeria pia sheria walikuwa nayo jamani! Walitunga 1979, ikasema ikifika tarehe 1 Januari 1984 hakuna kuchoma gesi bila ya kibali cha waziri. Tarehe ikafika, vibali vikatolewa, na faini ikaja kuwekwa kobo 2 kwa kila futi za ujazo elfu moja. Kobo mbili, na naira moja ina kobo mia! Mhasibu wa kampuni anakaa na karatasi yake, upande huu bomba la mamilioni ya dola, upande huu kobo, mlitaka achague nini? 1998 ikapandishwa ikawa naira 10, na naira yenyewe ishaanguka. Mwaka 2005 watu wa Iwherekan, kijiji cha huko huko Nigeria, wakaenda mahakamani Benin City, jaji akasema kuwachomea gesi pale kijijini kwao ni kuvunja haki yao ya kuishi, hukumu safi kabisa, na moto ukaendelea kuwaka. Faini ya dola 2 kwa futi zile zile elfu moja, kwa wazalishaji wakubwa, imekuja 2018. Hesabuni wenyewe, miaka 39 tokea ile sheria.

Mtasema mwekezaji atakimbia. Norway tokea mwanzo wa mafuta yao wamekataza kuchoma gesi bila kibali isipokuwa kwa usalama, 1991 wakaongeza na kodi ya kaboni, nani alikimbia? Na Texas, watu wa mafuta wenyewe wale, 1947 mdhibiti wao aliamuru visima vya Seeligson vifungwe mpaka gesi ipatiwe kazi, kampuni zikamshtaki, Mahakama Kuu ya Texas ikawa upande wa mdhibiti. Alifunga visima! Na wengine mtasema mbona kisima chenyewe hatujakiona bado. Ndio maana nasema saivi, kwa sababu mnara ukishawaka na mafuta yanauzwa na serikali inapata fungu lake, hakuna atakaekuja kuuzima.

Kwa hiyo ninachotaka: kampuni ikileta mpango wa kuchimba, ndani yake iwemo gesi itakwenda wapi, kama haimo, mpango urudishwe. Na faini iwe kubwa kuliko gharama ya kuikamata hiyo gesi, iandikwe kwa dola, sio shilingi itakayoliwa na miaka.

Kuna mambo ya mita ya kupimia gesi inayochomwa, nani anaisoma, maana ikisomwa na kampuni peke yake hakuna faini hapo, na takwimu zibandikwe kila mwezi mpaka kwa sheha. Dharura sikatai, pampu ikiharibika bora gesi iwake kuliko itoke mbichi, maana gesi hiyo zaidi ni methani, na methani mbichi kwa miaka 20 inatia joto zaidi ya mara 80 kuliko kaboni dioksidi, lakini dharura ina saa, haina miaka. Wavuvi wa dagaa nilikuwa na lenu, nyie mnaovua kwa taa mnajua mwanga unavyowavuta samaki, sasa fikirini mnara unawaka baharini usiku kucha, lakini naona muadhini anaangalia saa, tutalizungumza baada ya sala.

Dada mwenye mtandio wa kijani, uliinua mkono tokea zamani, uliza.