Kurkumini: Kutoka Maabara hadi Goti la Mgonjwa

ZUHURA: Msikilizaji, karibu. Leo mimi na ndugu Hamisi tunazungumzia kurkumini, kemikali inayoipa bizari ya manjano rangi yake, ambayo siku hizi inauzwa katika kapsuli zinazodaiwa kutibu karibu kila ugonjwa. Ndugu Hamisi, madai haya yalianzia wapi?

HAMISI: Yalianzia maabara, dada Zuhura, na ndiyo maana yanavaa sura ya sayansi. Kurkumini ikiwekwa juu ya seli zilizooteshwa katika sahani ya kioo, huonekana kutuliza uvimbe, kuua seli za saratani na kuathiri protini za kila aina. Mwaka 2017, Kathryn Nelson wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, pamoja na wenzake, walipitia tafiti hizo wakaonyesha kwamba wingi huo wa matokeo ulipaswa kuwatia watu shaka. Kurkumini hung'aa yenyewe inapomulikwa, hushikamana na protini ovyo, tena huvunjika upesi. Kwa hiyo kipimo kinachotegemea mwanga kinaweza kuonyesha kwamba dawa imefanya kazi, ilhali kilichosomwa ni mng'ao wa kurkumini yenyewe.

ZUHURA: Na mtu akiimeza, inafika katika damu?

HAMISI: Kwa uchache sana. Katika utafiti uliofanyika Bangalore, India, na kuchapishwa mwaka 1998, watu wenye afya njema walimeza gramu 2 za kurkumini, na kiasi kilichopatikana katika damu yao kilikuwa kidogo mno au hakikuonekana kabisa, kwa sababu utumbo na ini huibadilisha kabla haijasambaa mwilini. Walipoongezewa miligramu 20 za piperini, ambayo ndiyo ukali wa pilipili manga, kiasi hicho kilipanda kwa asilimia 2000. Wauzaji wanaipenda mno takwimu hiyo. Mimi huwa nauliza: asilimia 2000 ya nini? Kitu kilichokaribia kutokuwapo, hata kikizidishwa mara ishirini, bado kinaweza kuwa kidogo.

ZUHURA: Wapo watakaosema kwamba wazee wetu waliila katika mchuzi miaka yote bila kuhitaji kapsuli.

HAMISI: Waliila kama kiungo, na kama kiungo sina neno nayo. Lakini unga wa manjano una kurkumini ya wastani wa asilimia 3 hivi, kwa hiyo anayetaka gramu 2 kwa siku angelazimika kula zaidi ya gramu 60 za unga, na sidhani kama kuna mchuzi utakaolika ukiwa na kiasi hicho.

ZUHURA: Basi tuje kwa wagonjwa, maana hapo ndipo naona umekuwa mkali kupita kiasi. Yapo majaribio ya magoti yaliyoleta nafuu.

HAMISI: Yapo, na sitayakana. Huko Tasmania, Australia, wagonjwa 70 wenye kusagika kwa magoti waligawanywa kwa bahati nasibu; wengine walipewa dondoo la manjano na wengine vidonge visivyo na dawa, kwa wiki 12. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020: waliopewa manjano walipungukiwa maumivu zaidi, lakini picha za goti hazikuonyesha tofauti katika maji na uvimbe wa ndani. Mtu anayeamka bila maumivu amepata kitu cha maana. Ila asiambiwe kwamba gegedu lake, ile tabaka laini inayofunika ncha za mifupa kwenye kiungo, limejengeka upya.

ZUHURA: Na tumbo? Mwaka 2023 watafiti wa Thailand walilinganisha kurkumini na omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi ya tumbo, kwa wagonjwa 206 wenye kiungulia na kujaa tumbo, na nafuu ikakaribiana.

HAMISI: Ni kweli, lakini hapakuwa na kundi lililopewa vidonge vitupu, na maradhi ya aina hiyo hupungua yenyewe mara nyingi. Ninaliona kuwa jaribio la kurudiwa, wala si la kubandikwa kwenye kopo.

ZUHURA: Hata hivyo, wengi husema kwamba ukijaribu hupotezi kitu, maana ni mmea.

HAMISI: Hapo ndipo ninapopinga kwa nguvu. Mwaka 2022, mtandao wa watafiti wa Marekani wanaofuatilia madhara ya dawa kwenye ini ulieleza habari za wagonjwa 10 walioumia ini baada ya kutumia bidhaa za manjano. 5 walilazwa hospitalini na 1 alifariki. Wagonjwa 7 kati yao walikuwa na jeni moja ya kurithi inayohusishwa na madhara hayo, na baadhi ya bidhaa zilizopimwa zilikuwa na piperini, ile ile inayosifiwa kwa kuongeza ufyonzwaji.

ZUHURA: Anayezimeza tayari aangalie nini?

HAMISI: Mkojo kuwa mweusi, macho kugeuka rangi, kichefuchefu na uchovu usioelezeka. Akiona dalili hizo aache kapsuli siku hiyo hiyo, aende hospitali akapimwe ini, na achukue kopo lenyewe amwonyeshe daktari, kwa kuwa wagonjwa wengi wakiulizwa wanatumia dawa gani hawazitaji kabisa.