Usimtibu Samaki Anayekua
(Mhadhara kwa wafugaji na wauzaji wa samaki wa mapambo, Ujiji, Kigoma)

Shikamooni wazee wangu. Vijana, hamjambo. Nimekuja na vyombo vitatu vya kioo, na kabla sijafika mbali naomba mvitazame. Cha kwanza kina kisamaki cheusi tititi, mwili mzima vidoa vyeupe kama anga la usiku wa kiangazi. Cha tatu kina samaki wa urefu wa kiganja: kichwa cha bluu, mwili mweusi, na mkanda wa njano umemzunguka nyuma ya kichwa. Kidoa hata kimoja hana. Hawa ni mtu na mdogo wake. Mama mmoja, baba mmoja, tangi moja. Mliokwisha kunisikia nikisema haya mara kumi, nivumilieni kwa mara ya kumi na moja, maana wiki iliyopita nimepigiwa simu ileile tena, ya mnunuzi anayedhani samaki wake anayepoteza vidoa anaumwa.

Huyu ndiye Tropheus duboisi. Wa kwetu, wa Maswa ya huku Ziwa Tanganyika, si Maswa ya Simiyu, ndiye mwenye mkanda mpana wa njano. Ni wa jamii moja na sato na perege, jamii ya sikilidi, ambayo ziwa letu lina aina zake zipatazo 250, karibu zote hazipatikani kwingine duniani. Hayo mnayajua, nisiyarudie.

Nije kwenye kisa cha Tabora. Miaka kadhaa iliyopita nilimuuzia bwana mmoja wa huko vitoto sita, kila kimoja sentimita tatu. Alivipendea vidoa. Akapanda navyo treni, mfuko wenye oksijeni ameupakata kama mtoto mchanga, na vikafika vizima. Kila baada ya wiki mbili ananipigia kunieleza vinavyokula, nami nafurahi. Miezi ikapita. Siku moja naona ujumbe: "Mzee, samaki wako wanaumwa. Madoa yanafutika, vichwa vimepauka." Mimi nilikuwa ziwani, huko simu haishiki. Siku ya tatu nilipompata alikuwa amekwisha kutia chumvi, na chumvi iliposhindwa, akaponda vidonge vya binadamu akavimwaga tangini. Wanne walikuwa wamekufa. Nikamuuliza, walikuwa wanakula? Akasema walikuwa wanakula vizuri mpaka siku alipotia dawa.

Hawakuwa na ugonjwa wowote. Walikuwa wanabalehe.

Kosa lile nalibeba mimi hadi leo. Nilimuuzia sura ya utoto, sikumwambia kwamba sura hiyo ina mwisho.

Sasa tazameni chombo cha katikati, sogeeni kabisa. Huyu ana kama sentimita sita. Weusi wa kichwani umeanza kuwa kijivu, na ndani ya kijivu hicho bluu inachungulia. Vidoa vya ubavuni vimelegea kingo, havina tena ule uduara. Na hapa, nyuma ya kichwa, kuna kama ukungu wa njano. Ndio mkanda unaanza. Asiyejua ataapa kwamba ni ukungu wa ugonjwa! Mgonjwa ana dalili zake: anajitenga, anakataa chakula, tumbo linavimba, kinyesi kinakuwa cheupe. Huyu nikisogeza kidole tu anakuja kugonga kioo akidhani nimemletea chakula.

Ngozini mwa samaki mna seli za rangi. Zipo za weusi, zipo za njano, na zipo zenye fuwele ndogo mno zinazorudisha mwanga. Bluu hii mnayoiona haina wino ndani yake. Ni mwanga unaorudi kutoka kwenye fuwele hizo, na weusi ulio chini yake ndio unaoifanya ikolee. Samaki akikua, seli hizi zinapangwa upya.

Najua kuna anayesema moyoni: ni chakula tu, mpe chakula chenye rangi. Hapana! Chakula kinakoleza njano na wekundu, kwa kuwa samaki hawezi kujitengenezea rangi zile za jamii ya karoti, lazima azile. Lakini hakuna chakula kitakachomrudishia duboisi vidoa vyake. Na ninyi mnaomlisha moyo wa ng'ombe ili akue upesi, nawasihi acheni. Huyu anakwangua mwani kwenye mawe, utumbo wake ni mrefu, nyama inamvimbisha tumbo na kumuua.

Mwingine atasema, mbona wapo wanaobadilika kwa dakika? Wapo. Astatotilapia burtoni, sikilidi mwingine wa huku, aliyepewa jina la yule mpelelezi Mwingereza Burton aliyefika hapahapa Ujiji na mwenzake Speke mwaka 1858, dume lake likinyang'anywa eneo linafifia papo hapo, na likishinda linang'aa tena. Hiyo ni rangi ya cheo, inakwenda na kurudi. Duboisi harudi. Kila mkubwa analinda mawe yake kwa ukali dhidi ya wenzake, na maelezo yanayonishawishi ni kwamba mtoto mwenye vidoa hafanani na mshindani, kwa hiyo anaachwa apite.

Nilitaka niwaeleze juu ya kuhe pia, yule sikilidi mkubwa wa ziwa letu, na juu ya sikilidi lombardoi wa Ziwa Nyasa, ambaye dume na jike wote huanza na bluu, kisha dume akikomaa anakuwa wa njano na jike anabaki vilevile. Muda hautoshi, mwenyekiti ananionyesha saa.

Ninachowaomba wauzaji ni hiki: kwenye kila tangi bandikeni picha mbili, ya mtoto na ya mkubwa, na mnunuzi mwambieni kwa mdomo kwamba mabadiliko yatachukua miezi mingi na hayahitaji dawa yoyote.

Basi, njooni mbele wawili wawili, msigonge kioo. Huyu wa katikati mtazameni karibu na mkia, upande wa kushoto. Vimebaki vidoa vitatu. Nilipomtenga na wenzake vilikuwa kumi na kimoja.